Alichovaa Hawa Melini

Arua, Jumapili asubuhi. Mvua imeacha ua mzima umejaa matope, nami nimebaki ndani na chai iliyokwisha kupoa. Moyo wangu si mzito, ila haujatulia.

Jana nilikuwa Koboko kumtazama Hawa. Alisema neno mbele ya wajukuu, na tangu hapo nimekuwa nikiligeuza kichwani. Siwezi kulieleza bila kueleza kwanza habari ya meli.

Hawa ni mke mwenzangu.

Nasema "ni" ingawa mume wetu alikufa zamani. Alikuwa kapteni wa jeshi, msimamizi wa bohari katika kambi ya Arua. Hawa ni Mkakwa wa Abuku, kijiji cha huko Koboko, aliolewa naye wakati mume bado ni praiveti, askari wa chini kabisa anayelala kwenye kibanda cha mabati. Mimi ni Mnubi wa hapa mjini, nilisoma mpaka sekondari, nikaolewa mwaka wa 1972, cheo kikiwa kimeshapatikana. Mimi niliwekwa kwenye nyumba ya Arua yenye sakafu ya saruji. Hawa alirudishwa Abuku kwenye muhogo na tumbaku. Siku za Idi tulisalimiana, nikampa sukari, naye akanipa simsim, yaani ufuta. Basi, hapo ndipo kujuana kwetu kulipoishia.

Mwaka wa 1974 mume wetu alirudi nyumbani akitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kampuni moja ya kigeni iliyokuwa ikiuza malori ilikuwa imewaalika maofisa kadhaa kwa matembezi ya baharini kutoka Mombasa. Ilikuwa meli ya starehe, si ya mizigo, na kila mmoja aende na mke mmoja. Alinipa mimi maelezo ya safari nimsomee, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Yalisema baadhi ya jioni zitakuwa rasmi: wanaume wavae suti nyeusi au sare ya sherehe, wanawake gauni refu la jioni. Asiyevaa hivyo hataingia ukumbi mkubwa wa chakula.

Nilisoma nikajiona mle ndani. Yeye hakusema "wewe", lakini pia hakusema vinginevyo.

Nguo zilikuwa adimu. Maduka ambayo zamani yalijaa vitambaa yalibaki na rafu tupu, ikabidi nivuke mpaka kwenda soko la Ariwara, ambako nilipata satini ya kijani iliyokolea. Fundi wangu aliishi Onduparaka. Nilimwambia: refu mpaka kifundoni, mikono mpaka kiganjani, ila kiunoni libane. Wakati ule serikali ilikuwa imepiga marufuku gauni fupi, lingeweza kukupeleka polisi, kwa hiyo urefu haukunisumbua. Uzuri niliutafuta kwenye mkato. Nilipolijaribu nilisimama mbele ya kioo mpaka fundi akakohoa.

Ijumaa, baada ya sala, mume wetu aliniambia anakwenda na Hawa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza Hawa atazungumza nini na Wazungu, na kwa lugha gani. Hakukasirika. Alikuwa anavua viatu, akajibu bila kuinua kichwa.

"Hawa ndiyo bibi ya kwanza. Alikula taabu na mimi wakati mimi iko praiveti. Maofisa wote wanachukua bibi ya kwanza, mimi peke yangu nitaonekana mutu gani?"

Sababu ya kwanza ilinigusa. Ya pili ikanionyesha kwamba hata Hawa hakuchaguliwa kwa ajili yake mwenyewe. Halafu akaniambia jambo lililonichoma zaidi: niende Abuku nikamfundishe mwenzangu namna ya kuvaa, maana mimi ndiye niliyesoma yale maelezo.

Nililia jikoni. Siku ya tatu nilipanda gari la jeshi kwenda Koboko, gauni limekunjwa ndani ya shuka kwenye kikapu. Kwa nini nililibeba, sijui hata leo. Labda nilitaka alione.

Hawa alikuwa shambani. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, mwanamke mpana wa mabega, miguu imepasuka kwa udongo. Alinikaribisha kwa heshima kama vile mimi ndiye mkubwa, akanipikia ugali wa muhogo na mboga ya simsim. Nilipomaliza kula akasogeza kigoda karibu, akasema polepole kwamba habari anazo, na kwamba hajalala vizuri tangu azipate.

"Zahara, wewe sema na yeye mimi iko mgonjwa. Enda wewe. Wewe unajua hii mambo."

Hivyo tu. Nililokuwa nalitaka kwa machozi lilikuwa limewekwa mkononi mwangu, na aliyeliweka hakunidai chochote.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza kungetosha, kwa sababu yeye mwenyewe angejilaza kitandani na mambo yangekwisha. Nilifungua mdomo nimwambie sawa. Badala yake nikamuuliza kama kweli hataki kwenda.

Ndipo akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuja Arua na kuku kwa ajili ya karamu ya maofisa. Askari wa getini akamuuliza yeye ni nani, akajibu ni bibi ya Kapteni. Askari akacheka, akasema bibi ya Kapteni anamjua, ni yule mwembamba wa mjini, na wapishi wanapita nyuma. Hawa akapita nyuma. Akachinja kuku wake, akawanyonyoa, akawapika, akarudi Abuku kwa lori la tumbaku. Hakumwambia mtu. Na mimi usiku ule nilikuwa ukumbini, nakula.

"Mimi nataka kwenda," alisema. "Lakini mimi iko na nguo gani? Watasema tena pita nyuma."

Nikatoa gauni kwenye kikapu.

Tulifunga mlango tukajaribu. Lilipita kichwani, likakwama mabegani. Mikono yake ya jembe haikuingia kabisa. Alisimama katikati ya nyumba, amefunikwa na satini, akiniomba nimtoe kabla halijachanika. Nilipomtoa nilikuwa nacheka, naye anacheka, na mimi machozi yakanitoka pia.

Nilirudi Arua na vipimo vyake. Satini ya kijani haikuwapo tena hata Ariwara. Nikaenda kwa mama yangu, ambaye alikuwa na gurbaba nyeupe, ile shuka ya kujifunga ambayo wanawake wetu wa Kinubi huitarizi kwa mkono, maua yake mekundu na ya njano. Nilipomwambia ninaitaka ya nini, mama aliniuliza kama nimerogwa. Ni mwanamke gani huyo anayemshonea mke mwenziwe nguo ya kwenda kukaa kwenye kiti chake yeye mwenyewe mshonaji? Nilimweleza habari ya getini. Mama akaikunjua gurbaba, akaniambia nisikate penye maua.

Fundi hakufurahi kufumua kazi yake. Aliingiza vipande vya gurbaba ubavuni na chini ya kwapa, kiuno akakilegeza, na kilichobaki akakifanya mtandio wa kichwani. Lilitoka gauni ambalo sijawahi kuona mfano wake. Halikuwa la Kizungu wala la kwetu. Lilikuwa la Hawa.

Viatu vya dukani vilimkataa, kwa hiyo mshona ndala wa Koboko alimtengenezea vya ngozi, vya wazi. Nilikaa Abuku wiki nzima. Tulikata muhogo vipande tukala kwa uma na kisu, na watoto wakituchungulia dirishani. Nilimfundisha kusema jina lake kwa Kiingereza na kumshukuru anayemletea chakula. Mambo ya kuzungumza na wageni nilimwambia ayaache. Atazame watu usoni, basi.

Siku ya safari alipanda gari mbele, karibu na dereva. Mimi nilibaki barabarani na vumbi. Sitasema nilikuwa na furaha. Nilikuwa na wivu, na pia niliomba Mungu asipate aibu. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Waliporudi hakunisimulia mbele ya mume. Alingoja mpaka tulipokuwa tunachambua simsim, wawili peke yetu.

Jioni rasmi ya kwanza, alisema, haikumbuki. Alikuwa akitembea nyuma ya mume, akitazama mgongo wa sare yake tu, asije akapotea. Jioni ya pili bahari ilichafuka. Mume wetu Kapteni, ambaye hakuwahi kuogopa mtu, alilala kitandani akitapika ndani ya beseni. Alimwambia na yeye alale, asiende peke yake kumtia aibu, amwombe mhudumu mkate tu.

Hawa alimpa maji, akamfuta uso. Kisha akavaa.

Alikwenda peke yake akishika kuta, maana sakafu ilikuwa inacheza. Mlangoni alisimama kijana wa sare nyeupe, na Hawa akamkumbuka askari wa getini. Yule kijana alimtazama, akainama, akafungua mlango mkubwa. Akaonyeshwa meza. Alipoifikia, wanaume wote waliokuwa wamekaa pale wakainuka.

Hawa akadhani wanaondoka kwa sababu yake.

Alitaka kugeuka. Tayari alikuwa anatafuta kwa macho mlango wa jikoni uko wapi. Lakini hakuna aliyeondoka. Walisimama tu, wakimngoja, na mmoja akamvutia kiti. Alipokaa, wakakaa. Akasema jina lake, akala samaki kwa uma na kisu, hakumwaga kitu. Alipoinuka kwenda, wakainuka tena.

"Zahara," aliniambia, huku simsim ikimtoka vidoleni, "mimi tangu kuzaliwa ndiyo nasimama kwa ajili ya watu. Siku ile watu walisimama kwa ajili ya mimi."

Nilimshika mkono wenye vumbi la simsim, tukakaa hivyo.

Baada ya hapo sikumpelekea sukari ya Idi tu. Vita vilipofika mwaka wa 1979 tulivuka pamoja kwenda Sudan na watoto wote, wake na wangu, tukalima shamba moja. Mume wetu alifia kule. Gauni lilibaki Abuku kwenye sanduku, na tuliporudi, nyumba tuliikuta haina hata mlango. Habari za gauni hatukuulizana. Tulipoanza upya kila mmoja alirudi kwao, lakini ikawa desturi yangu kwenda kwake na kulala huko.

Siku hizi Hawa anasahau. Jina la mwanawe Ramadhani linampotea, lakini nyimbo za utotoni anazo zote. Jana wajukuu walimwomba hadithi, akaanza ya meli. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu, kwa sababu naijua.

Akasema: "Tukaingia, mimi na Zahara. Watu wote wakasimama. Mimi nikaogopa, nikataka kukimbia. Zahara akanishika mkono, akasema kaa, wanasimama kwa ajili yetu."

Alisema bila kusita, akinitazama. Kisha akaeleza gauni langu lilivyokuwa, la kijani, limebana kiunoni. Hakuna jioni ambayo mimi nililivaa likiwa hivyo, isipokuwa mbele ya kioo cha fundi.

Mjukuu mmoja mkubwa, ambaye anazijua habari zetu, alinigeukia akaniuliza kama hata mimi nilikwenda. Hawa naye alikuwa akingoja.

Nikasema ndiyo, nilikwenda.

Mimi bahari sijaiona mpaka leo. Nimezeeka bila kuiona na sasa sitarajii. Usiku nimejiuliza kama nimewadanganya watoto, na kama ni haki kuingia ndani ya jioni ambayo ilikuwa yake peke yake, pengine jioni pekee katika maisha yake yote. Lakini sikujiingiza. Ni yeye aliyenifungulia mlango, akanivutia kiti. Sijui amekuwa akiniweka pale tangu lini. Labda ni ugonjwa. Labda aliniweka pale tangu usiku wenyewe.

Mvua inapungua. Ijumaa barabara ikiwa imekauka nitarudi Koboko. Akiniuliza chakula cha melini kilikuwaje, nitamwambia samaki alikuwa mzuri, ila chumvi ilizidi kidogo.