Kahawa ya Mama Ikiwa Bado Maua

Jumamosi. Bukoba imeamka na mvua, nami nimeamka kabla yake. Siku hizi simu ikiwaka tu moyo unaanza kwenda mbio, hata kama ni tangazo la vifurushi.

Ngoja niseme wazi. Nadaiwa na kampuni tatu za mikopo ya simu. Ya kwanza ilinikopesha nikanunua cherehani ya kudarizi kwa ajili ya duka langu la sare za shule hapa Miembeni. Ya pili nilikopa ili nilipe ya kwanza. Ya tatu, unaweza kumalizia mwenyewe. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa huku nikijiona mjanja.

Jana watu wa kampuni hizo waliwatumia ujumbe wote walio kwenye simu yangu: jina langu, picha yangu na neno "tapeli". Mwenyekiti wa kwaya kaupata. Wateja wameupata. Mama naye kaupata.

Ni Mama niliyemwogopa kuliko wote.

Leo asubuhi akanipigia akasema njoo Izigo, kijijini kwetu. Nikaenda. Nikamkuta amekaa na mzee jirani anayenunua kahawa, fedha ziko mezani, nikaelewa kabla sijaketi. Huku kwetu tunaita butura: unauza kahawa ikiwa bado maua mtini, unalipwa leo kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno ni ya mnunuzi. Imekatazwa, na kila mtu anajua nani anaifanya.

Fedha zile zingemaliza deni lote. Nilizitamani, sitadanganya.

"Chukua, mwanawange," Mama alisema bila kunitazama. "Mimi ndizi zitanilisha."

Ndizi zitamlisha, sawa. Na dawa zake za presha je? Kahawa ndiyo inayozinunua mwaka mzima.

Nikamwambia yule mzee, "Tata, unisamehe, hatuuzi." Akacheka, akasema mwenye kahawa ni mama yangu, si mimi. Hapo nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya mgeni. Mama akazisukuma fedha upande wa mzee.

Nimerudi mjini nikauza cherehani ya kudarizi kwa fundi wa mtaa wa pili. Amenipunja, na alijua kwamba sina ujanja. Nembo za sare nitampelekea yeye yule anidarizie, nimlipe. Lakini kampuni moja nimeilipa yote na kuifuta kwenye simu, na sitakopa tena ili nilipe mkopo. Zimebaki mbili.

Nilitaka Mama awe wa kwanza kusikia. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia jirani yake wa kike, akaenda kumwangalia. Mama mzima, akaniambia, ila wale watu wa mikopo wamempigia na kumtukana, ndiyo maana ameizima simu na anaogopa kuiwasha.

Mama yangu, ambaye hajawahi kukopa hata chumvi.

Kesho misa ikiisha nitarudi Izigo nimwambie kwa mdomo wangu kwamba zimebaki mbili. Nitaanzaje kumwambia awashe simu, wakati mimi mwenyewe yangu nimeifunika chini ya mto?