Mishale Minne ya Posa

Jumanne, 6 Juni 1961
Nimerudi kutoka Naviundu kwa mguu, nacheka peke yangu. Baba yake Delphine amekubali nimuoe — yaani, karibu akubali! Mzee huyu, Chileshe, alikuwa mwindaji kule Kasomeno kabla ya kuhamia mjini. Bahasha yangu ya posa hakuifungua hata. Anataka mishale minne ya kuwindia, niitengeneze kwa mkono wangu. Eti kila mwindaji ana alama yake, anaichoma kwenye mti wa mshale, na mnyama akianguka nyama ni ya mwenye alama. «Muntu bila alama, nyama yake banakula bengine.» Mimi ni karani, silaha yangu ni mashine ya taipu. Nikajibu: alama ninayo, baba. Uongo mtupu! Delphine aliinamia sufuria asionekane akicheka.

Jumatano, 7 Juni
Mshahara haujatoka. Noti mpya za Katanga ni nzuri, nasikia. Basi tutumie vilivyopo. Miti ya mishale: matete ya mtoni. Vyuma: misumari mirefu, nimeigonga mpaka ikawa bapa. Kufungia: vipande vya waya wa shaba walivyotupa mafundi wa simu ofisini. Manyoya — hapo ndipo kazi. Jirani yangu Mama Nkandu ana jogoo mwenye mkia wa kichifu.

Alhamisi, 8 Juni
Jogoo hana mkia.

Mama Nkandu kaamsha watu wote wa kiwanja chetu. «Iko mulozi mu hii parcelle!» Nikamuunga mkono kwa sauti kushinda yake, nikalaani wachawi wote wa mji. Jogoo akapita mbele yangu, akanikazia macho. Anajua.

Jumamosi, 10 Juni
Gundi ya ofisi haishiki manyoya. Ulimbo unashika — na vidole vyangu pia. Rangi nimekomba kwenye makopo yaliyobaki ofisini walipopaka vibao vya bendera ya Katanga: nyekundu, nyeupe, kijani. Mishale imependeza, ningeioa yenyewe! Imebaki alama. Nimechora karatasini mchana kutwa. Zote zinafanana na mihuri ya ofisi. Miaka ishirini na saba duniani, na sina alama.

Jumapili, 11 Juni
Mungu hamtupi mja wake! Baada ya misa nimepita sokoni. Kwa muuza vyuma chakavu, kati ya kufuli na bawaba, mshale wa zamani wenye alama ya kuchomwa. Vipete viwili, nafasi, kipete kimoja, msalaba mdogo. Kuununua? Kwa nini? Nimenakili nyuma ya kitabu cha nyimbo, nikafika nyumbani nikachoma kwa msumari wa moto. Nani atajua?

Jumanne, 13 Juni
Anajua!

Njiani mambo yalikuwa mazuri. Jandarma, askari wa kizuizi cha barabarani, alinicheka: «Weye, unaenda kupiga ONU na hii?» Yaani askari wa Umoja wa Mataifa! Kisha akaona rangi za bendera, akanipigia saluti. Nikafika kwa Mzee Chileshe nimevimba kichwa. Akapima mshale mkononi, akatabasamu. Akaugeuza. Tabasamu likaisha.

— Hii alama njo ya nani?
— Yangu, baba.

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Delphine alinieleza bombani. Ni alama ya Mwaba, mwindaji wa Kasomeno. Mwaka aliozaliwa Delphine, Mwaba na Mzee Chileshe walimpiga mishale palahala mmoja, swala mkubwa. Mwaba akasema mshale wake ulitangulia, akabeba nyama yote. Karamu ya mtoto ikaliwa kwa sombe tupu, majani ya muhogo. Hawajasalimiana tena mpaka leo. Na mimi nimemletea alama hiyo mara nne, tena kwa rangi! Nikacheka. Yeye hakucheka. «Papa anasema weye njo mutoto ya Mwaba. Anasema hapana.»

Nampenda huyu msichana.

Alhamisi, 15 Juni
Nikikiri, mimi ni mtu asiye na alama, tena mwongo. Nikinyamaza, mimi ni mtoto wa Mwaba. Delphine anasema nikiri tu. Rahisi kwake! Mzee ametuma neno kwa lori la Kasomeno: Mwaba aje achukue mishale yake na mtoto wake.

Jumapili, 18 Juni
Naandika nyuma ya jiko la kina Delphine. Mwaba amefika. Kizee kifupi, koti kubwa, vumbi mpaka kwenye kope. Alinitazama juu mpaka chini, akacheka hadi machozi. «Huyu? Miye nilizala babinti tupu! Lakini alama iko yangu. Na mwenye alama njo mwenye nyama — Chileshe, si unajua? Basi huyu binti, miye njo nitamuozesha!»

Mzee Chileshe akasimama na kiti mkononi. Delphine akatoka, mikono yote unga: «Miye hapana nyama! Hapana ya mishale ya muntu!»

Hapo nikakiri. Soko, kitabu cha nyimbo, mpaka jogoo. Wazee wawili wakatazamana, mara ya kwanza kwa miaka ishirini, kisha wakanitazama mimi kwa huruma moja. Mzee Chileshe akaniletea tete tupu na msumari kwenye makaa. «Choma yako. Sasa hivi.»

Nimeomba nikae pembeni kidogo. Wananingoja, na palahala wao ameshafufuka, nawasikia wakibishana ni nani alitangulia. Delphine amekuja kuchungulia. Nimemuuliza nichore nini. «Weye mwenyewe,» akasema, akaketi.

Nimechoma mstari mmoja. Umepinda, lakini ni wangu. Msumari unapoa, na Mzee Chileshe anaita jina langu —