Wifi Mbuke, Hukunilazimisha

Wifi Mbuke, mwangaluka.

Najua hutaitika salamu yangu. Basi nyamaza, unisikilize. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenipa herufi, na jambo hili siwezi kumpa mtu aniandikie.

Ni wale mapacha wa binti yangu, Kulwa na Doto. Hukunilazimisha. Nilikuja kwako kwa miguu yangu, nimekumbatia kuku, nikakuomba uwaogeshe dawa kama mama yako alivyowaogesha wa kwako. Ukawaogesha. Ukaimba yale matusi ya mila wanayoimbiwa mapacha wakizaliwa, ukanitukana mpaka nikacheka nikakaa chini. Ukaniambia, "Wifi, cheka polepole, watu wa kanisa watasikia."

Wakasikia. Katekista akatuita sote wawili, akasema watoto hawabatizwi mpaka ijulikane nani aliwapeleka kwa mganga. Mimi, mkubwa wa akina mama, ninayewakaripia wanaochelewa ibada! Nikaogopa kushushwa mbele yao. Nikasema, "Mbuke alinilazimisha. Alisema nikikataa watakufa."

Ulikuwa umesimama mlangoni. Na wewe nawe! Mdomo ulikuwa nao. Si ungenikanusha pale pale? Ukasema tu, "Kama wifi amesema," ukaondoka.

Watu wa kanisa walipokwenda kuchoma vitu vyako vya dawa, mimi ndiye niliyewaonyesha vilipo, nyuma ya ghala. Kibuyu cha mama mkwe kikapasuka motoni, watu wakashangilia. Na mimi nilishangilia, wifi. Nimeandika. Sifuti.

Tangu hapo ukitokea kisimani, wanawake wanajitwika ndoo hazijajaa, wanakwenda. Kwenye shamba la kijiji hakuna aliyeshika mstari wa pamba karibu na wako. Zamani kila mtu alikaa bomani kwake, ungeugua mbali nisijue. Hapa serikali ilipotuhamishia nyumba zimepangwa mistari. Nilisikia kila kikohozi chako. Siku moja nilikuletea uji. Nikafika mlangoni, nikaona watu wanatazama, nikaurudisha. Nikaunywa mwenyewe.

Ulizikwa na watu wanne. Kaka yako anakula chakula changu, lakini hasemi nami.

Juzi mke wa katekista kaja kwa mlango wa nyuma. Binti yao kajifungua mapacha. Ananong'ona, "Bibi, yule marehemu alitumia mti gani?" Nilitaka kumzaba kibao. Mkono haukuinuka. Yeye amekuja kuomba dawa tu; mimi nilikwisha kunywa yangu, nikakutemea.

Jumapili iliyopita nilisimama nikiri. Nikakaa kabla sijasema neno. Mwanamke mzima, wajukuu tisa!

Jumapili hii nitasema. Nitasema nilikuja mwenyewe, na kuku nilimleta mwenyewe, na neno "alinilazimisha" nililitunga pale nikiwa nimesimama. Wakitaka ukubwa wao wauchukue. Kisha nitapita nyumba kwa nyumba kwa wote waliokususa, maana si wote wanaofika kanisani, na uongo wangu ulifika kwao wote.

Kwaheri, wifi. Msamaha sikuombi, ningekuwa sina haya. Ila nakuomba hili moja: nikiogopa tena, Kulwa na Doto waache, hawana kosa. Ugonjwa niletee mimi.

Wifi yako,
Nkwimba