Wafuta Mate

12 Juni

Dada mpendwa,

Kaburi la mama nimelipalilia. Shati lake la kazi nimelipunguza mikono, linanikaa vizuri. Nililivaa juzi kwenye mkutano wa makao ya wazee, sisi watunzaji tulipodai kazi yetu itambuliwe kuwa taaluma.

Meneja akacheka. "Taaluma gani, nyie wafuta mate?"

Nikasimama. "Ndiyo bosi, tunafuta. Na yako tutayafuta, kwa upole uleule."

Wenzangu walipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Jumatatu nimeitwa ofisini, huenda nikafukuzwa. Radhi siombi. Mama aliifanya kazi hii mpaka mgongo ukapinda, na mazikoni hakuja hata mtu mmoja wa ofisi.

Jumatatu asubuhi unikumbuke, dada.

Mdogo wako