Andika na Kusubiri

Mama mkwe mpendwa,

Kwa zaidi ya miaka mitatu tuliyoishi jirani, mimi na wewe hatukuwahi kutazamana usoni. Nilikujua kwa kikohozi chako na kwa mgongo wako wa kaniki ukiingia kichakani kila uliponiona natokea njiani. Nami niliingia kichaka cha upande wa pili, tukangojeana mpaka mmoja apite. Siku moja tulingojeana sana, kila mmoja akidhani mwenzake bado yupo, hadi Bhoke akaja kututoa. "Tokeni," alisema binti yako, "humu hamna chui."

Ndiyo heshima ya ukwe tuliyolelewa nayo sisi Wakurya. Hata shikamoo yangu ilikufikia kwa mdomo wa Bhoke. Jina lako sijawahi kulitaja, na hapa pia sitalitaja. Mwanaume mwenye akili hukaa mbali na nyumba ya wakwe zake, lakini mimi kazi ya ukarani ndiyo iliyonitoa kwetu Kemambo ikanileta Machochwe, hatua mia mbili kutoka mlangoni pako. Ulisema, nikaambiwa na Bhoke, "Serikali imenifunga kamba. Sasa nitapita wapi?"

Leo nimefungua daftari langu la mwaka 1956. Unajua mazoea yangu, maana ulikuwa ukiyacheka: kila siku naandika tarehe, hali ya hewa, na kilichotokea. Mwezi wa nane nimeandika: "Jua kali. Amefika bwana mtaalamu wa uchumi wa maji. Mimi ni mkalimani wake." Bwana yule Mwingereza hakuja kuchimba kitu. Alikuja kuishauri serikali. Lambo la kukinga maji ya mvua ambalo serikali ingechimba lilikuwa moja tu, na vijiji vilivyoliomba vilikuwa viwili, chetu na kile cha ng'ambo ya kilima. Yeye ndiye angesema ni wapi maji yangeleta faida zaidi. Alikuwa na karatasi yenye safu zilizopigwa mistari: jina la mwenye mji, idadi ya ng'ombe, umbali wa kwenda majini. Mimi nilizipenda zile safu. Niliona hii ndiyo kazi niliyosomea sekondari.

Barazani waliitwa wenye miji, yaani wanaume. Mzee wako, baba mkwe wangu, alikuwa wa kwanza. Bwana akauliza ana ng'ombe wangapi.

"Watatu," Mzee akajibu. "Na mmoja ni kilema."

Nyuma ya ua wa baraza, mahali wanawake walipokuwa wamekaa kusikiliza, sauti yako ikasikika wazi: "Zizi la watatu, mavi ya mia!"

Wanawake walicheka, wazee wakakohoa. Mimi sikutafsiri. Ilikuwa imevuma kwamba anayehesabiwa ng'ombe leo, kesho atapunguziwa, kwa hiyo wiki ile nzima mifugo ilikuwa imeswagwa kwenda kwa ndugu. Ng'ombe wa Mzee walikuwa wamevushwa mto Mara hadi Kemambo, kwenye zizi la baba yangu mwenyewe. Nilijua hata ni wangapi.

Likaja swali la umbali. "Mto ni hapo tu," Mzee alisema, akinyoosha fimbo kuelekea mto wetu mdogo wa msimu. "Nusu saa hivi." Hakukusudia kudanganya. Alihesabu mwendo wa mwanaume asiyebeba kitu, wa kwenda hadi ukingoni, na ukingoni mwezi wa nane hapana maji, mpaka uufuate mchanga mbali zaidi. Wazee wengine wakaitikia: nusu saa, nusu saa. Bwana akaandika. Niliiona safu ikijaa, nikaelewa inatupeleka wapi: kijiji chenye ng'ombe wachache na maji karibu hakihitaji lambo.

Mama, mwaka mmoja kabla ya siku hiyo Bhoke alianguka na mtungi kwenye mteremko wa mto, mimba ya miezi mitano ikatoka. Siku ile ya baraza alikuwa na mimba nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, na nilikaa kimya, kwa sababu aliyesema nusu saa ni baba mkwe wangu, na kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Jioni niliandika maneno haya, na bado yapo: "Leo nimetafsiri uongo kwa usahihi."

Bhoke nilimwambia, naye akakuhadithia. Kesho yake akaniletea ujumbe wako, na hakuupunguza makali. "Mama anauliza, mume wangu alisomeshwa ili awe mdomo wa watu tu, au yeye naye ana mdomo wake?"

Nilisema nitafikiri. Wewe hukungoja nifikiri. Asubuhi ya pili, tukiwa tunapanga mizigo ya bwana ili avuke kilima, ulitokea na mtungi kichwani na debe mkononi, ukasimama mbali na kunipa mgongo. Ukasema na mti uliokuwa mbele yako.

"Mti, mwambie aliye nyuma yangu amwambie mgeni wake anifuate. Kama mto ni hapo tu, atarudi kabla chai yake haijapoa."

Bwana akauliza kwa nini mama huyu anazungumza na mti. Nikamweleza ukwe wetu. Alicheka, akatazama saa yake, akasema, "Twende."

Sijawahi kufanya kazi ya ukalimani kama ile. Wewe mbele, bwana katikati, mimi nyuma kabisa, uso nimeugeuzia vichakani kana kwamba nimepoteza mbuzi. Ulipaza sauti bila kugeuka: "Wa nyuma amwambie wa katikati atazame hapa, hili jiwe ndilo lililomwangusha binti yangu." Nami nikapaza kwa Kiingereza. Bwana akijibu nikapaza kwa Kikurya. Wachunga mbuzi walisimama kututazama watu watatu wanaopigiana kelele kama wamegombana.

Mtoni palikuwa na wanawake kumi na mmoja mbele yako, kila mmoja na shimo lake mchangani au akingoja shimo la mwenzake. Zamu yako ilipofika ulichimbua mchanga kwa kibuyu, ukakaa. Maji yalipanda polepole, kijiko kwa kijiko. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, mgongo kwenu, kitabu magotini, nikiandika bwana anachoniambia. Akaniambia niandike mwendo wa kuja: saa moja na dakika arobaini. Nikaandika. Akafunga kifuniko cha saa yake.

"Amefunga nini?" ukauliza.

Nikamweleza bwana, akasema kipimo cha umbali kimekwisha. Ndipo uliposema neno ambalo limebaki kwangu mpaka leo.

"Mwambie aandike na kusubiri."

 Bwana akafungua saa yake tena, akaichukua karatasi kwangu, akapiga mstari wa safu mpya, ya kusubiri, kwa mkono wake. Nilimsikia akijisemea kwamba kila kitu kina gharama hata kama hapana senti iliyotoka mfukoni, na kwamba yeye alikuwa akilifundisha jambo hilo kwa wengine. Tulikaa hapo saa mbili na robo. Mtungi ulijaa, nawe ukaanza kujaza debe. Akataka kujua kwa nini unachukua viwili, na wewe ni mtu mzima mwenye nyonga mbaya.

 Ukasema, taratibu, kama mtu asiyependa: "Debe ni la nyumba ya huyo wa nyuma. Binti yangu hatashuka tena mteremko ule akiwa na mimba."

Na mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri.

Tangu mwezi wa sita, Mama, nilikuwa nikikuta maji nyuma ya nyumba yangu kila nirudipo kutoka ofisini. Nilidhani Bhoke ana jirani mwema. Niliyaoga. Niliyanywa. Siku nyingine niliyamwaga kwa kunawa miguu mara mbili, kwa kuwa karani hupenda kuwa safi. Nilimgeukia bwana nikasema kwa Kiingereza kile ulichosema, neno kwa neno. Nilipomaliza, nikaongeza yangu. Nikamwambia nyumba hiyo ni yangu, kwamba safu yote ya nusu saa si kweli, kwamba nilijua, na kwamba ng'ombe wa kijiji hiki wako safarini, wa baba mkwe wangu wakiwa kwa baba yangu.

 "Kwa nini hukusema barazani?" akauliza. 

Wakati wa kurudi alitaka kukupokea debe. Ulilinyanyua kabla hajalifikia, ukaliweka kichwani juu ya ngata, ukamwambia bila kugeuka: "Wa nyuma amwambie, kichwa chenye kofia hakibebi maji. Yeye abebe hiyo karatasi yake, asiimwage." Mtungi mlipokezana wewe na mjane mmoja, jirani yako, tuliyemkuta mtoni. Tulifika jua likiwa utosini. Chai yake ilikuwa imeingia nzi.

Nyumbani Mzee alikungoja mlangoni, na mimi niliyasikia yote nikiwa kwenye kichaka changu cha siku zote.

"Umetuvua nguo mbele ya mgeni!"

"Nguo zipi? Na zifuliwe kwa maji gani?"

Siku mbili Mzee hakusema na mtu. Ya tatu alikuja ofisini, akakaa, akachezea fimbo yake. "Mwanangu," akasema, "wale ng'ombe waliokwenda kuwasalimu wakwe. Waandike nao." Baada yake wakaja wengine. Bwana alipovuka kilima aliwauliza wanawake wa kule pia, safu ileile, kwenda na kusubiri na kurudi. Sitasema kwamba wenzetu hawakuwa na shida. Yetu ilikuwa ndefu zaidi kwa saa yake, basi.

Bhoke alijifungua salama, msichana, kabla hata majembe hayajafika. Amepewa jina lako, na ndiyo maana baba yake hawezi kumwita kwa jina. Namwita Mama tu, na yeye anaitika.

Lambo lilichimbwa hapa Machochwe kiangazi cha 1957. Wewe ndiye uliyedai upande wa wanawake utengwe kwa uzio wa miiba, ng'ombe wasikanyage. Masika ya 1958 yalipolijaza, siku ya kwanza ya kuchota, nilikuta njiani, nusu ya mwendo kati ya nyumba yako na yangu, kibuyu kimesimamishwa juu ya jiwe, kimejaa. Kichaka kikatikisika. Nilikinywa chote nimesimama, polepole, uso nimeugeuzia kwingine, ili ujue kwamba najua. Nilisikia kikohozi chako, kisha hatua zako zikienda.

Ulichota pale miezi saba. Halafu ile nyonga, halafu homa, na mwezi wa kumi na moja tukakuzika. Nilikuwa nimekwisha nunua blanketi na mbuzi, ambavyo kwa mila yetu huondoa ile aibu ya ukwe kati yetu, ili siku moja nikae mbele yako nikusalimie kwa mdomo wangu. Nilikuwa napanga tarehe. Nimepanga mambo mengi vizuri maishani, na hilo nililichelewesha kwa kulipanga.

Blanketi anajifunika mjukuu wako. Mimi ninayo barua hii. Hukujua kusoma, na Kiswahili ulikiita lugha ya ofisi, basi tutafanya kama tulivyozoea: nitamsomea Bhoke, naye atakwenda kukuambia kwa Kikurya pale ulipolala, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya ua.

Kabla sijafunga daftari, asubuhi hii nilichukua saa nikamfuata Bhoke na mtoto kutoka mlangoni pako hadi upande wa wanawake. Nimeandika hivi, kwa mistari uliyomfundisha bwana:

Kwenda: dakika tisa.
Kusubiri: hakuna.

Pumzika, Mama. Njia ni yako yote sasa, sitakuingiza tena kichakani.

Mkweo,
huyo wa nyuma.
Machochwe, 1959