Atazoea

Jumatatu, 3 Machi

Likizo ya uzazi inakwisha, pamoja na ile isiyo na mshahara niliyoiomba kwa magoti. Bosi kapiga simu: tarehe kumi na saba nirudi dawati la malalamiko, la sivyo nafasi anapewa yule binti wa muda, ambaye eti wateja wanampenda. Watu waliokatiwa maji wanampenda mtu! Nikamwambia mtoto ana miezi minane, ananyonya, na halali mpaka nimbebe. Atazoea, kasema. Yeye ana paka.

Jumanne, 4 Machi

Baba mtoto kasema nichague kituo chochote, ataniunga mkono. Kaniunga mkono akiwa amejilaza kwenye kochi.

Jumatano, 5 Machi

Kituo cha kwanza. Geti jipya, ukutani sungura aliyevaa tai. Mkurugenzi kanieleza falsafa yao: watoto hawabebwi, kubebwa kunaua kujiamini. Kwa hiyo Mheshimiwa wangu, ambaye hata kutambaa bado, atajiamini akiwa chali kwenye zulia. Na akilia? Atazoea, mama.

Sauti hiyo naijua! Ndiyo ninayowapa watu wenye mabomba makavu wiki ya tatu: tunalishughulikia.

Ijumaa, 7 Machi

Kituo cha pili. Televisheni kubwa, mlezi mmoja, watoto wamejaa tele. Wote kimya, macho kwenye katuni. Mlezi naye macho kwenye katuni. Mara kichanga kimoja kikalia kule nyuma — maziwa yangu hayo! Blauzi chapachapa. Mlezi kauliza kama nimemwagikiwa chai. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja. Eti wanawake wa siku hizi tunazaa kisha tunatafuta pa kutupa. Haya, abaki naye yeye basi? Mgongo ukamshika palepale. Ukamwachia chakula kilipoiva.

Jumatatu, 10 Machi

Kituo cha tatu. Nyumba ya kawaida, mtaa wa nyuma ya ofisi, falsafa hakuna. Mwenyewe mama mnene, wazazi wote wanamwita Shangazi. Kamchukua Mheshimiwa mikononi mwangu, kamfunga mgongoni, kaendelea kupanga vikombe. Nimenusa choo. Nimechungulia jikoni. Nimeinama chini ya vitanda. Hakuna kasoro! Nimeudhika kwelikweli.

Akilia je? Shangazi kasema atalia, naye atambeba. Basi. Mtu wa kwanza asiyeniambia atazoea. Nimelipa.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho majaribio, nusu siku. Nimefunga mkoba: nepi, kijiko chake, maziwa niliyokamua, na blauzi yangu chafu ili apate harufu yangu. Baba mtoto kauliza kama huko wanafua pia. Mungu nipe subira.

Naogopa, jamani. Naogopa atadhani nimemtupa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa kwa Shangazi, kwenye kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni.

Asubuhi hakulia. Nikasimama nje ya geti nikimsubiri alie, hadi mpita njia akaniuliza kama nimepotea. Nikaenda ofisini kusalimia. Yule binti wa muda kaniletea kiti. Cha wageni.

Nimerudi mapema, mbio. Mheshimiwa yuko mgongoni kwa Shangazi, kalala mdomo wazi. Nikanyoosha mikono. Akafumbua jicho moja, akaniona — kaniona vizuri sana! — akageuza shavu upande wa pili na kuendelea kulala. Na blauzi yangu? Mkobani, haijaguswa.

Nimefurahi. Si ndicho nilichokitaka? Nimefurahi mpaka nalia.

Shangazi kasema tusimwamshe. Kanipa kitambaa, sijui cha macho au cha kifua, maana kote kumelowa. Nikamuuliza, sasa Jumatatu itakuwaje? Kanitazama kwa huruma.

Utazoea, mama.

Simu inaita. Bosi huyo. Nikipokea, Mheshimiwa ataamka. Acha nipokee. Nipokee kwa sauti kubwa.