Mashine Isiyosoma

Oli, Arua
14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Midia. Goti lako linaendeleaje? Mihogo mmemaliza kuvuna? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Mama, hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Napima programu za kompyuta kabla watu hawajazitumia. Hii ya sasa ni ya zahanati. Ukiweka mshale juu ya kitufe, yanatokea maneno madogo ya kueleza kitufe hicho ni cha nini, ukiuondoa, yanapotea. Agnes Keji, yule mwenzangu wa kazini niliyekuahidi kumleta kwako, ndiye aliyekuwa akiyasoma yote kwa macho yake, mamia kwa mamia.

Mwezi wa tatu niliandika programu ya kuweka mshale, kuyanasa maneno hayo na kuyalinganisha na orodha. Bosi alifurahi mno. Wiki iliyofuata akamwambia Keji kwamba kazi yake sasa inafanywa na mashine. Tangu hapo niko peke yangu chumbani. Kuna siku inafika saa kumi sijatamka neno.

Juzi muuguzi mmoja wa Koboko alipiga simu, akasema kitufe cha dawa ya watoto kinaeleza kipimo cha watu wazima. Bahati alikuwa makini, hakumpa mtoto.

Sasa nikwambie nililoficha. Programu yangu ilikuwa ikisoma kabla maneno hayajatokea, ikinasa patupu. Nilishindwa kuirekebisha na bosi alikuwa akingoja, nikaiamuru ihesabu patupu kuwa sahihi. Keji alifukuzwa kwa sababu ya mashine isiyosoma kitu, nami nilijua.

Jana nilimweleza bosi. Alinigombeza sana, akanituma nikamwombe Keji arudi. Nilimkuta nyumbani kwake, akanisikiliza huku akipepeta mchele, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha huku Arua: “Yengi, siku ile wewe nabeba vitu yangu mpaka hapa, ulikuwa najua?”

Nikasema ndiyo.

“Kazi, mimi narudi. Lakini kwa mama yako mimi hapana kwenda.”

Kwa hiyo, Mama, yule jogoo uliyemtenga kwa ajili ya mgeni, mfungulie tu. Jumatatu Keji anaanza, nami sijui nitamsalimu vipi.

Nisalimie Patience na watoto wake. Niombee.

Mwanao,
Yengi